Hatua Tatu, Shibiri Mbili

Jumatatu, tarehe 3

Tunahama. Imepitishwa leo saa tatu asubuhi, mezani, na mimi nilikuwa sehemu ya mapambo.

Aliyepitisha ni binti yetu. Mke wangu presha ya macho ilimnyang'anya uwezo wa kuona mwaka jana, na wiki iliyopita alikosa ngazi moja kati ya zile thelathini na nane za ghorofa letu. Hakuumia. Alikaa palepale akacheka. Lakini binti alisikia, na binti yetu akisikia jambo huja na begi.

Alitaka kumchukua mama yake akaishi naye. Nikauliza, na mimi? Akasema, Baba, kwangu kuna kitanda kimoja tu cha ziada, tena chembamba. Wewe utakaa kwa mjomba. Mjomba wake ni shemeji yangu, mstaafu wa stoo, mtu anayeandika orodha ya vitu atakavyoandika kwenye orodha. Mimi namwita Bwana Orodha. Kuliko kuishi naye, afadhali nikae kwenye lori.

Bahati nzuri nilikuwa nimeshapata nyumba ya chini, mtaa wa pili. Tukapatana hivi: binti atakuja Jumapili. Mama akiweza kujipikia chai peke yake kwenye nyumba mpya bila kushikwa mkono, tunabaki wawili. Akishindwa, anaondoka naye jioni ileile.

Miaka arobaini na moja ya ndoa, na imewekwa juu ya kikombe cha chai. Nikasema sawa, nina mpango. Sikuwa na mpango.

Jumanne, tarehe 4

Mpango ninao. Nimeishia darasa la nne, lakini lile la zamani, ambalo mtu alitoka nalo na akili.

Kwanza, mke wangu nimempeleka kwa mdogo wake hadi Jumamosi, asibebe hata wasiwasi. Aliniuliza ninaficha nini. Nikamwambia sifichi kitu, nataka ahame bila jasho, kama malkia. Akasema kila nikimwita malkia huwa kuna kitu kimevunjika.

Pili, mke wangu jikoni haoni kwa macho, anaona kwa mkono. Anaingia, anahesabu hatua, ananyoosha mkono, chumvi hii hapa. Kwa hiyo jiko zima litahama kama lilivyo. Nimepima kila kitu. Na kwa kuwa hatua zangu si zake, nilivaa ndala zake, nikafupisha mwendo, nikatembea kama yeye. Mlangoni hadi jiko la gesi, hatua tatu. Jiko hadi kopo la chumvi, shibiri mbili, kulia. Sukari nyuma ya chumvi. Majani ya chai juu ya sukari, kwenye kirafu.

Bwana Orodha akaingia bila kubisha akanikuta nimevaa ndala za dada yake, zenye ua. Akatoa daftari. Aliandika.

Kisha akanishauri niende kwanza nikapime nyumba mpya. Nikamwambia nyumba ni nyumba, kuta nne na paa. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamkumbusha kwamba mkuu ni mimi, nimemzidi miaka miwili.

Jumatano, tarehe 5

Kufunga mizigo. Bwana Orodha ameyapa maboksi namba, moja hadi thelathini na sita, na kila namba ina maelezo kwenye daftari. Mimi yangu nimeyaandika VITU. Akauliza vitu gani. Nikasema vilivyomo.

Akaniita mtu wa kubahatisha. Nikamwita karani wa sisimizi. Tukafunga maboksi tukiwa tumepeana migongo, kama wake wenza.

Saa kumi akaanza kupapasa mifuko. Akainua gazeti, akainua mkeka, akaniinua na mimi. Daftari halipo. Amelifunga ndani ya boksi mojawapo, na namba ya boksi hilo imo kwenye daftari.

Nilicheka hadi nikakaa chini. Yeye akakaa pembeni yangu, na baada ya muda bega lake likaanza kutikisika. Hatujacheka pamoja tangu harusi yangu, na siku ile alikuwa anacheka koti langu.

Jumatano hiyohiyo, jioni

Nyumba tupu ina mwangwi. Nimekohoa, imenijibu. Nimeikuta ukutani alama ya mkono wa mke wangu, kando ya mlango wa jikoni, pale anaposhika kila akigeuka. Rangi imelika. Kitu hicho hakuna boksi la kukiweka.

Alhamisi, tarehe 6

Lori lilifika saa mbili. Kabati likakwama kwenye kona ya ngazi. Jirani wa juu alikuwa anashuka, akabaki nyuma ya kabati nusu saa, akitushauri kupitia mlango wa kabati. Ushauri wake ulikuwa mmoja: tungehama zamani.

Dereva akaniambia, mzee, wewe kaa mbele tu, utulie. Nikatulia. Nikafika nyumba mpya kama bwana harusi.

Nikavaa ndala. Nikaingia sebuleni, nikahesabu, nikageuka kulia kwenda jikoni, nikapiga ukuta kwa pua.

Jikoni kuko kushoto. Sinki upande mwingine, rafu upande mwingine. Nyumba nzima imegeuzwa kama soksi. Siku ile nilipokuja kuiona niliangalia kitu kimoja tu, ngazi. Hazikuwepo, nikakubali.

Bwana Orodha alisimama nyuma yangu. Nilimsubiri aseme. Akanipa leso nifute pua, na bora angesema.

Ijumaa, tarehe 7

Sikulala, nikawaza, asubuhi nikawa na ufumbuzi. Mwenye akili hashindwi na ukuta.

Chumba cha kulala mlango wake uko kulia. Kwa hiyo chumba cha kulala kitakuwa jiko. Jiko litakuwa chumba cha kulala. Jiko letu ni la gesi, halina mizizi. Maji tutaweka kwenye ndoo. Kitanda kimeingia jikoni vizuri tu, ukiacha kwamba atakayelala ukutani ataota amekumbatia sinki. Huyo nitakuwa mimi.

Nilidhani Bwana Orodha atanicheka. Akavua miwani, akafumba macho, akaniambia nimfungulie njia. Akahesabu hatua tatu. Akanyoosha mkono. Shibiri mbili. Chumvi.

Akabaki amelishika lile kopo. Akasema dada yake ndiye aliyekuwa akimlisha uji, mama yao akiwa kazini, na yeye wakati huo hata kitasa cha mlango wa jiko alikuwa hakifikii. Akasema asingependa aende mbali. Nikamwambia hata mimi. Tukaangalia pembeni, kila mtu na dirisha lake. Halafu akasema chumba kinanuka dawa ya nondo wa nguo, nikamwambia anyamaze.

Jumamosi, tarehe 8

Mke wangu amerudi. Nikamwingiza, nikampeleka hadi mlango wa kulia, nikamwachia mkono. Nikamwambia, jikoni kwako.

Hatua moja. Mbili. Tatu. Akagusa jiko. Mkono ukaenda, chumvi ikaja. Moyo wangu ukapiga vigelegele.

Kisha akainua uso, akasikiliza. Akauliza mbona hasikii bomba likidondosha maji. Akauliza mbona sakafu ina zulia. Akanusa. Akauliza, mume wangu, hapa ni chumbani?

Nikasema kwa cheo ni jikoni.

Akatafuta boksi akakaa. Alicheka hadi akajifuta macho, akaniambia nikae. Halafu akaniuliza, kwa upole ulionitisha kuliko ukali, nani aliniambia anataka chumvi pale.

Nikasema imekaa pale miaka arobaini na moja.

Akasema ndiyo, kwa sababu mama yako aliiweka pale wiki niliyoolewa, na mama yako alikuwa wa mkono wa kulia. Mimi ni wa kushoto. Miaka arobaini na moja navusha mkono juu ya moto kuchukua chumvi. Nilimstahi mkwe wangu, baadaye nikazoea, baadaye macho yakaondoka, nikaogopa kuhamisha.

Mimi najua ni wa mkono wa kushoto. Nalala upande wake wa kulia tangu ujana ili mkono wake uwe huru. Lakini jikoni sikuwahi kufikiri. Mtu anaweza kuijua shuka akasahau chungu.

Nikamwambia jiko halisi liko kushoto, limegeuka lote, na kesho binti anakuja. Akasema, limegeuka kwangu au kwenu? Nipelekeni.

Tukarudisha kila kitu. Mimi na kaka yake tulibeba, yeye akapokea kimoja kimoja na kuweka mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, bila kuuliza mtu. Kaka yake alitaka kuandika. Alinyang'anywa kalamu. Tulipomaliza alipita tena na tena, akigusa. Bwana Orodha alikuwa anamhesabia moyoni. Midomo ilimsaliti.

Jumapili, tarehe 9

Binti alifika na begi. Begi likiwa tupu linaonekana. Akasimama mlangoni, mikono kifuani.

Mimi niliamriwa nikae, nisinyanyuke hata nyumba ikiungua. Nikakalia mikono yangu.

Mke wangu alijaza sufuria, maji yakamwagika kidogo. Kiberiti, sawa. Moto, sawa. Majani, sawa. Akafika kwenye makopo, akasita. Akafungua moja, akaonja kwa kidole, akalirudisha. Chumvi. Nilitaka kukohoa kwa maana, shemeji akanikanyaga. Akafungua la pili. Akatia vijiko viwili.

Akampa binti yake kikombe, mkono wa kikombe ukiwa umemwelekea. Binti akanywa. Akaomba kingine. Cha pili alikinywa polepole, amemwangalia mama yake tu.

Akauliza, Mama, una uhakika? Mke wangu akasema nyumba hii ameshaielewa, anayehitaji kuangaliwa ni mzee.

Binti aliondoka saa tisa, na begi lake tupu. Mlangoni alinikumbatia muda mrefu, akaniambia sikioni, Baba, nakuomba, usiguse kitu chochote jikoni kwa mama.

Nikaapa. Niliapa kwa mikono miwili.

Alhamisi, tarehe 13

Kopo la majani ya chai lilikuwa mbali mno. Mtu yeyote mwenye huruma angeona. Wakati mke wangu anaoga nikalisogeza shibiri moja tu, nimrahisishie.

Akatoka, akanyoosha mkono, akashika hewa. Akasimama. Akauliza ni nani. Nikasema huenda panya. Akasema panya huyo anaburuta viatu, na anapumua kama mtu anayesubiri sifa.

Nimelirudisha. Nimeomba radhi. Nimeelewa kabisa.

Ila ile ndoo, kusema kweli, ingekaa vizuri zaidi karibu na mlango. Kesho anaoga saa nne. Nitavua viatu.