Chupa ya Mto Wenye Baridi

Chupa ilisahauliwa na mtalii katika hoteli moja ya Kilwa Masoko, ambako Faustino alikuwa mhudumu kwa wiki mbili, hadi mwenye hoteli alipochoshwa na maneno yake. Ilikuwa mvinyo mweupe, mtamu kiasi, wa zabibu zilizochelewa kuvunwa katika bonde la mto wenye baridi huko Ujerumani. Mtu mwingine angeinywa. Faustino aliitazama akaona mke.

Maana Mzee Nikodemu wa Sudi alishatamka: anayemtaka binti yake Yustina aje Ijumaa na magunia manne ya korosho zilizobanguliwa. Asipofika nayo, binti ataolewa na Clemence, fundi cherehani asiye na maneno.

Faustino hakuwa na mkorosho hata mmoja, ila ulimi alijaliwa. Alinunua uraka, ile pombe ya mabibo, akauchuja mara tatu, akaujaza katika chupa kumi na moja na kubandika lebo alizotoa fotokopi ya rangi mjini Lindi. Ya kumi na mbili ilikuwa ile ya kweli. Hata uongo unahitaji ukweli kidogo, kama mchuzi na chumvi.

Jumatano asubuhi alibisha hodi kwa Restuta, mjane mwenye baa mjini Lindi na ghala la korosho uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unauza nini?"

"Siuzi, mama, naleta heshima. Kule mtoni kuna baridi, zabibu hazina haraka. Zinaachwa mpaka zinakunjamana, utamu wote unabaki ndani."

"Kama mimi," alisema Restuta.

Faustino akataja bei, chupa kumi na mbili kwa magunia manne ya korosho, akammiminia kutoka chupa ya kweli. Mama alionja, akaonja tena.

"Magunia manne kwa chupa zote?"

"Kwa vile ni wewe, mama."

"Haya. Ila sisi wa Newala tuna desturi. Mwenye pombe anakunywa kwanza, kutoa sumu. Kila chupa, glasi moja."

"Chupa zote?"

"Kwani sumu inachagua chupa?"

Kukataa kulikuwa sawa na kukiri, kwa hiyo Faustino akanywa. Kwenye chupa ya nne aliisifu Ujerumani. Kwenye ya saba alimtaja Yustina, na baba yake, na Sudi, na siku ya Ijumaa. Saa tano asubuhi alikuwa amelala kitini, mdomo wazi, kuku wakimpita miguuni.

Alipoamka, magunia manne yalikuwa tayari kwenye kirikuu, kigari cha mizigo alichokodi. Alifungua moja, akaona korosho nyeupe, akamshukuru Mungu na Restuta, kwa utaratibu huo.

Ijumaa, Yustina alivaa kitenge kipya. Clemence naye alikuwepo, ameitwa ashuhudie kushindwa kwake mwenyewe. Mzee Nikodemu hakutazama juu ya gunia. Alizamisha mkono hadi kiwiko, kama mnunuzi yeyote wa korosho anayejiheshimu, akautoa na maganda matupu. Gunia la pili, maganda. La tatu na la nne, vilevile.

Tangu abatizwe, Faustino hakuwahi kukosa neno. Sasa aliinama akaanza kufunga midomo ya magunia. Yustina aliingia ndani bila kumtazama, na hapo ndipo palipomuuma, kwa sababu katika mambo yote aliyowahi kusema, kumpenda Yustina ndilo pekee lililokuwa la kweli.

Mzee alimwonea huruma. "Kaa, mwanangu. Mgeni hafukuzwi akiwa na kiu." Akaleta chupa ambayo Faustino aliitambua kwa mbali.

"Dada yangu Restuta kaileta jana. Anasema alikuwa nazo kumi na mbili. Zile kumi na moja ni uraka, ameshawauzia watu wa semina waliofika kwenye baa yake, wamesifu sana. Hii ndiyo yenyewe."

Mzee akajimiminia, akanywa kwanza kutoa sumu, kisha akampa mgeni glasi ya mwisho.

Faustino alionja. Mvinyo ulikuwa mtamu kiasi, kama alivyokuwa akiwaambia watu siku zote.

Ndani, Clemence alikuwa ameshatoa futikamba, anampima Yustina mabega.