Picha ya Ami Hazim Ukutani

Jumapili, 2 Februari 2025
Mjini Ibra, Omani. Ushindi! Sheikh Ghanim, mwenyekiti wa nyumba yetu ya makumbusho, amenikabidhi maonyesho ya picha yaliyoletwa na ubalozi wa Marekani, ya Wamarekani wa kila asili waliotumikia vitani: weusi, Wajapani, Waarabu, wenyeji wa kale. Ametaka tuongeze mtu wa kwetu. Yupo! Ami yangu Hazim alimenya viazi katika manowari ya Kimarekani. Siku tisa, bandarini Unguja. Utumishi ni utumishi.

Jumanne, 4 Februari
Balaa. Jirani yangu Bi Asya ameleta picha ya kaka yake Majid, baharia aliyehamia Amerika, akaingia jeshini, akauawa Vietnam. Kaburi liko Amerika, dada hajaliona. Anaomba watu wasimame mbele ya picha yake, mara moja tu, kabla naye hajafa. Nilimwambia nafasi ni finyu. Akaniuliza ami yangu aliuawa na kiazi gani. Ghanim alicheka hata akamwaga kahawa. Zitatundikwa zote mbili.

Alhamisi, 6 Februari
Nimepata hila. Kwetu bukhuri, ule moshi wa udi, ikishapitishwa, wageni huaga. Nimepanga ukuta kama ukurasa wa Kiingereza: Ami wa kwanza kushoto, Majid wa mwisho kulia. Kidawa, binti wa Tanga anayetutumikia nyumbani, nimemwagiza alete chetezo picha ikibaki moja. Akauliza, je, hiyo moja, Babu? Nikamwambia ashughulike na makaa.

Jumamosi, 8 Februari
Leo ufunguzi. Mashekhe walianzia upande wa kulia, kama waanzavyo kila jambo! Wamarekani wakafuata kwa adabu. Walisimama mbele ya Majid muda mrefu, wakamwombea rehema. Kisha wengine. Ikabaki picha moja. Kidawa huyo, na chetezo. Nikampungia mkono arudi. Akadhani namhimiza! Wakajifukiza, wakaaga. Ami hakuonwa na mtu ila Kidawa, aliyesema ana sura ya mwenye njaa.

Jumapili, 9 Februari
Bi Asya kaleta halwa. Alilia. Alisema miaka hamsini na saba amengoja ndugu yake aagwe kwa heshima, nami, ambaye alinidhania mwenye choyo, nimempa nafasi ya kwanza, na bukhuri juu yake. Nilipokea shukrani kwa unyenyekevu. Halwa nzuri.

Baada ya Ramadhani maonyesho yanahamia Nizwa. Huko Ami atakuwa wa kwanza kulia, Majid wa mwisho kushoto, na chetezo nitakishika mwenyewe. Ghanim anasema safari hiyo watakaotangulia ni Wamarekani, wasomao toka kushoto. Haidhuru.