Uzinduzi wa Simu ya Waliopona Saratani, Mbele ya Chumba Namba Saba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi ambaye yuko njiani na anakaribia; Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi ambaye naye ametuma mwakilishi; waheshimiwa wajumbe wa Kamati Kuu ya Uzinduzi; wajumbe wa Kamati Ndogo ya Viti na Maturubai; daktari wetu wa saratani, uliyeketi safu ya mbele tangu saa moja asubuhi kama barua yangu ilivyokuagiza; sista mwenye funguo; dereva wangu; na ninyi mabibi na mabwana mlioishinda saratani na sasa mnashindana na jua: kila mtu amesalimiwa kwa cheo chake, na asiye na cheo ajihesabu amesalimiwa kwa jumla. (Makofi, safu ya mbele tu.)

Ninavua barakoa, si kwa dharau, bali ili mwone ninasema kwa moyo. Ninyi bakini nazo.

Ndugu zangu, gonjwa hili la mlipuko lilipoingia, watu wengi walijifungia ndani wakaogopa. Mimi nilijifungia nikafikiri. Nikajiuliza, hawa waliomaliza matibabu, walioambiwa warudi kupimwa kila baada ya miezi mitatu, ambao kliniki yao mimi mwenyewe niliifunga kwa barua ili kupunguza msongamano, je, watafuatiliwaje? Nilifikiri kwa wiki sita, katika hoteli tatu tofauti, pamoja na wadau. Tukafanya semina elekezi, kisha warsha, kisha kikao cha kupitia maazimio ya warsha, na hapo ndipo ulipozaliwa mradi wa Tupo Nawe, ambao ni mfumo jumuishi wa kidijitali wa folo-apu ya masafa ya mbali wenye monitaringi na evaluesheni ndani yake, au, kwa lugha nyepesi, simu. Unapiga, unapokewa, unasikilizwa. Wahudumu thelathini na sita waliobobea, zamu tatu, na muziki laini kwa anayesubiri.

Kwa takwimu nilizonazo, na ninazo nyingi kuliko mtu yeyote hapa, asilimia tisini na nne nukta saba ya waliopona saratani wameguswa na mradi huu. ("Mimi hajanigusa mtu tangu mwaka jana!" anasema bibi mmoja wa safu ya pili. "Nyamaza, mwenzangu," anamjibu jirani yake, "huyu akikugusa utaugua upya." Vicheko.)

Nasikia minong'ono. Minong'ono ni mrejesho, na mrejesho ni nguzo ya nne ya mradi.

Sasa tazameni nyuma yangu. Hicho ni chumba namba saba, mlimokuwa mkipimiwa zamani. Wapo wapotoshaji wanaosema kimegeuzwa ghala. Si ghala. Ni kituo cha muda cha kuhifadhia fulana elfu tano za mradi zilizobaki baada ya kugawa, mabango, na maturubai ya akiba. Leo kinafunguliwa kuwa makao makuu ya Tupo Nawe, na huo utepe mwekundu mlangoni utakatwa na Mgeni Rasmi kwa mkasi wa sherehe, ambao anao kwenye gari. Kabla ya hapo, hautavuka mguu.

Naam, dada wa safu ya tatu, naona mkono. (Anasimama mwanamke mwenye barakoa ya kitambaa cha maua, fundi cherehani, ambaye ndiye aliyewashonea barakoa nusu ya watu waliokaa pale. "Shikamoo, mheshimiwa. Mimi nilitibiwa titi la kushoto. Nimekosa vipimo vinne kwa sababu ya mlango huo. Sasa hii ni wiki ya tatu nina kinundu kwapani, kama punje ya haragwe. Nikija kumwona daktari naambiwa yuko kwenye maandalizi ya sherehe. Daktari si huyo hapo amekaa? Anipime tu, basi, mengine endeleeni.")

Marahaba, binti yangu. Swali zuri sana, na uzuri wake ni kwamba lina jibu ukurasa wa tisa wa kijitabu. Daktari huyu leo ni mwalikwa, si vizuri kumpa kazi. Kinundu chako, kwa mujibu wa mwongozo, ni kinundu cha ngazi ya simu. Ulitakiwa kupiga namba iliyo kwenye fulana. ("Nilipiga, mheshimiwa. Nikapata mume." Uwanja unacheka mpaka viti vinalia.)

Sijaelewa, lakini naona wananchi wana furaha, na furaha ni kiashiria. Sasa, ili kuwafunga midomo wasioamini, naipiga namba hiyo mimi mwenyewe, na simu naiweka mbele ya kipaza sauti. Tulieni. Inaita. Mnaisikia? Inaita! Kwa nchi nyingi hatua hii bado ni ndoto. (Simu inalia safu ya tatu, kwenye kiti cha jirani na fundi cherehani. Mwanamume mwenye madoa ya wino vidoleni anaitoa mfukoni na kuipokea kwa mazoea, bila kutazama ni nani anayepiga: "Haloo. Mimi si daktari, ni mchapa fulana, lakini usikate. Niambie, leo unaendeleaje?" Sauti yake inatoka kwenye spika za jukwaa. Mtu mmoja anaguna, na kicheko kinapasuka.)

Ndugu mchapa fulana, hebu simama. Namba ya mradi umeipataje? ("Ni yangu, mzee. Oda yenu ilikuja imeandikwa 'namba itafuata'. Nikaweka yangu kuziba nafasi, nikawaletea sampuli mkague. Ikarudi na mihuri miwili na sahihi tatu, imeidhinishwa. Nikachapa.") Sahihi moja kati ya hizo ni yangu, na napenda umma ujue niliitia siku hiyo hiyo, bila kuichelewesha hata kidogo kwa kuisoma.

("Wiki ile ile simu zikaanza. Mmoja anatokwa damu, mwingine anaogopa tu, mwingine anataka mtu wa kumwambia habari za asubuhi. Ningewakatia simu? Nikachukua daftari, naandika, kisha namsomea sista, yeye ananiambia nani awahi hospitali ya mbali na nani asubiri. Huyu alipiga kuuliza miadi yake, akanigombeza, mtu gani hujui chochote! Kesho yake akapiga kuniomba radhi. Kesho kutwa nikapiga mimi." "Ulipiga jioni ile ile, usidanganye watu," anasema fundi cherehani, na juu ya barakoa ya maua macho yake yanacheka peke yake. Sista mwenye funguo anaangalia chini, lakini mabega yanamtikisika.)

Mmesikia wenyewe! Ndoa! Ina muda gani? (Wawili kwa pamoja: "Mwezi na siku nne.") Mwezi na siku nne, na bado wanahesabu siku! Katibu, andika: tokeo namba moja la Tupo Nawe ni ndoa. Lengo letu la nusu mwaka kwa upande wa ndoa lilikuwa sifuri, tumepata moja, na kikokotoo changu kinashindwa kutoa asilimia ya ongezeko hilo kwa ukubwa wake. (Safu ya mbele inapiga makofi.)

("Kama ni tokeo lenu, basi lipimeni," anasema mchapa fulana. Hachekeshi tena. Ameushika mkono wa mkewe. "Nimeishi miaka thelathini na miwili bila mwanamke huyu, sikujua nilichokosa. Sasa najua. Simngojei mtu mwenye mkasi kwenye gari.")

Hisia zako nazielewa, kijana. Mimi pia nina mke, yumo kwenye kamati. Lakini tusivuruge mnyororo wa utoaji huduma. Bila mkasi hakuna utepe kukatwa, bila utepe kukatwa hakuna mlango, bila mlango hakuna kitanda cha kupimia, na Mgeni Rasmi amenitumia ujumbe sasa hivi kwamba amepata udhuru hadi mwezi ujao. Nifanyeje? Niutoe wapi mkasi?

(Fundi cherehani anafungua mkoba. Unatoka mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, mpini umeliwa na dole gumba lake.)

Huo hapana, binti. Huo si mkasi wa sherehe. Huo ni mkasi wa kazi.

(Kacha. Utepe unaanguka. Sista amekwisha kuingiza ufunguo. Daktari anainuka, ananyoosha magoti yaliyokufa ganzi, anasema "Samahani, mheshimiwa," na kuondoka. Waliopona saratani wanajipanga hatua mbili mbili kutoka mlangoni, wanapokezana maboksi ya fulana na kuyarundika juani, mpaka chini ya maturubai kinaonekana kitanda.)

Basi natamka rasmi kwamba kituo kimefunguliwa na mimi! Katibu, andika saa. Wananchi, rudini vitini, zimebaki kurasa kumi na moja tu! ("Fundi cherehani kwanza!" anaita sista mlangoni. "Wengine tunafuata daftari la shemeji!")

Nikisema Tupo, ninyi mnasema Nawe. Tupo! (Kimya.) Tupo! ("Nawe," anajibu dereva.) Mmoja anatosha. Lakini dereva, mbona na wewe unaondoka? ("Naenda kumwandikisha mama, bosi. Alitibiwa mwaka juzi.")

Nimalizie kwa shukrani, maana viti vilivyobaki ni vitulivu. Nawashukuru wahudumu thelathini na sita, ambao ningewataja mmoja mmoja kama wangekuwa wameajiriwa. Naishukuru Idara ya Mitambo kwa kunithibitishia kwamba kituo cha simu kipo kwenye rasimu, rasimu ipo kwenye faili, na faili linatafutwa kwa nguvu zote. Nakishukuru kiwanja kitakachojengwa kituo, popote kilipo. Na mwenye swali lolote kuhusu huduma zetu, asisite, apige ile namba.

(Simu inalia chumba namba saba. Mchapa fulana amesimama nje ya pazia. Mkono wa mkewe umetokeza pembeni ya pazia na kushika vidole vyake vya kulia, kwa hiyo anaipokea kwa mkono wa kushoto. "Haloo. Mimi si daktari, lakini leo yupo, anampima mke wangu hapa hapa. Njoo. Hapana, usisubiri barua. Njoo sasa hivi.")