Ratiba ya Kutazama Milima

Kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe, Milima ya Upare iliwekewa ratiba ya kutazamwa. Tangazo lilibandikwa mjini Same, karibu na stesheni, mwezi Machi mwaka 1975, likiwa na mihuri mitatu, mmoja umegongwa kichwa chini. Lilieleza kwamba mandhari ya milima hiyo, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikitazamwa ovyo na mtu yeyote, saa yoyote, bila mpango wala takwimu, sasa iko chini ya Idara ya Mandhari na Mapumziko ya Kikazi. Ziara ya kwanza ya majaribio ingeanza Jumamosi, saa mbili kamili asubuhi.

Mkuu wa idara hiyo alikuwa Ndugu Sebastiani, mtu wa miaka arobaini na miwili, mwenye peni nne mfukoni na hakuna hata moja iliyowahi kuvuja. Chini yake walikuwapo karani Mwanaasha, mwenyeji wa Pangani, na dereva Mbaraka, aliyewahi kuendesha matrekta kwenye mkonge. Idara ilikuwa na Landrova ya kuazima. Na ilikuwa na tela.

Tela hilo ndilo lililoizaa idara, wala si idara iliyolitafuta tela. Meneja mmoja Mzungu wa shamba la mkonge alilileta kwa meli ili awe analala njiani na mkewe wakienda kutembea. Mashamba yalipotaifishwa akaondoka na mke, tela akaliacha. Lilikuwa na paa, mlango, vitanda viwili, jiko la mafuta ya taa na mapazia ya maua. Kwa miaka minane lilikaa uani mwa bohari, kuku wakitagia ndani. Kisha wakubwa wa mkoani wakaliona kwenye orodha ya mali ya umma, wakaandika barua kuuliza lina kazi gani. Barua ya namna hiyo huwezi kuijibu kwa neno "kuku". Wiki tatu baadaye idara ikaundwa, ikapewa jukumu la kuandaa safari za milimani ambamo viongozi wangefanya kazi huku wamepumzika, au wangepumzika huku wako kazini. Waraka uliyataja yote mawili.

Ndugu Sebastiani aliipenda kazi ile kwa moyo wote. Aliandika mpango wa kurasa kumi na nne. Tela lingetoka Same, lipande kwa kupitia Mwembe, lizunguke kona thelathini na moja (kila kona alishaipa namba), hadi kitongoji cha Ndivani. Hapo mtu akisimama anaiona nyika yote hadi mto Ruvu, na siku isiyo na mawingu anauona Mlima Kilimanjaro. Ziara ikifaulu, wakubwa wenyewe wangekuja, wangelala, wangefurahi, na mtu aliyewafurahisha angehamishiwa Dar es Salaam. Hilo la mwisho halikuandikwa kwenye mpango.

Ukurasa wa tisa ulikuwa na kichwa cha maneno, "Vikwazo vya Mandhari". Chini yake palikuwa na mstari mmoja tu: nyumba tisa.

Nyumba hizo zilikuwa za Ndivani, zimezunguka ndiva, yaani bwawa la kumwagilia mashamba walilolichimba mababu kwa majembe ya mti. Zamani zilikuwa kumi, lakini masika ya mwaka uliopita moja iliporomoka na mwenyewe akamfuata mwanawe Tanga. Nyumba kumi ni shina, lina balozi wake, na shina halihamishwi. Nyumba tisa ni watu waliotawanyika, na watu waliotawanyika mwaka ule walikuwa wakikusanywa. Jumatatu angepanda mhesabu nyumba kuhakikisha idadi kwa mara ya mwisho. Jumanne yangepanda malori kuwashusha watu tambarare, mahali palipopimwa vizuri kwa kamba, ambapo maji hayakuwapo lakini viwanja vyote vilikuwa na namba.

Siku ya Alhamisi balozi wa Ndivani aliingia ofisini. Aliitwa Rogathe, mjane aliyepita miaka sitini, na alikuwa ameteremka kwa miguu tangu alfajiri.

"Shikamoo mama," alisema Ndugu Sebastiani, maana alilelewa.

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kwa habari ya nyumba zetu. Tunaambiwa mnatuhamisha."

"Hatuwahamishi, mama. Tunawakusanya."

"Kwani tumemwagika?"

Mwanaasha alikohoa nyuma ya taipureta. Ndugu Sebastiani alieleza kwa upole kwamba sheria inataka nyumba kumi na wao wanazo tisa.

"Tukijenga ya kumi?"

"Kabla ya Jumatatu?"

"Kwa mvua hii tofali halikauki hata kwa wiki mbili," alisema Rogathe. "Tupe mwezi mmoja."

"Mwezi mmoja haumo kwenye mpango. Lakini mama, kule chini mtapata shule, zahanati na bomba."

"Vipo?"

"Vimo kwenye mpango."

"Na ndiva tutaibeba kichwani? Mume wangu nimemzika hatua ishirini kutoka kwenye maji yale. Yeye naye mtamkusanya?"

Ndugu Sebastiani aliandika neno "ndiva" kwenye karatasi, akalipigia mstari, kuonyesha kwamba suala limepokelewa katika ngazi inayohusika. Rogathe aliitazama ile karatasi mpaka machozi yakamlengalenga. Kisha akajifunga kanga yake vizuri, akaaga, akaanza kuupanda mlima. Ndugu Sebastiani alimhurumia sana, kwa muda wa dakika nne hivi.

Jumamosi saa mbili kamili asubuhi ziara haikuondoka, kwa sababu kamati ya maandalizi ilikuwa bado inakaa. Wajumbe walijadili kibali cha kilo mbili za sukari. Walijadili nani alale kitanda cha dirishani. Walijadili kwa saa tatu iwapo mapazia ya maua yanalingana na siasa ya nchi, hadi Mwanaasha alipouliza kama maua si mazao ya wakulima, suala likapita. Walipomaliza kutia sahihi ilikuwa Jumapili, saa tisa alasiri.

Sasa, miaka hiyo mafuta yalikuwa adimu, na Jumapili ikishapita saa nane mchana gari lisilo na kibali halikuruhusiwa barabarani. Mguuni mwa mlima palikuwa na kizuizi, na kwenye kizuizi alisimama mgambo mmoja, mtu mzima aitwaye Method.

"Landrova ina kibali cha kazi maalumu, nimekiona," alisema Method. "Hili la nyuma je?"

"Hilo ni tela," alisema Mbaraka.

"Tela ni chombo. Kibali cha chombo kiko wapi?"

"Bosi, tugeuze," Mbaraka alinong'ona. "Kesho si mbali."

Lakini kesho yake asubuhi Ndugu Sebastiani alitakiwa awe ameshaitazama mandhari, na taarifa ya kuitazama alikuwa ameshaiandika. Alitafakari kidogo. Akafungua mkoba, akatoa karatasi, peni na muhuri wa idara, kwani muhuri alisafiri nao kama watu wengine wanavyosafiri na mswaki. Akaandika: "Inathibitishwa kwamba hiki kinachofuata gari si chombo cha usafiri. Ni nyumba ya kuishi, yenye paa, mlango na jiko, na wakazi wake ni wawili." Akatia sahihi, akagonga muhuri, akaibandika karatasi kwenye dirisha la tela.

Method aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Alilizunguka tela mara moja. Alibisha mlango akasema hodi, akasubiri kwa adabu, asijibiwe.

"Nyumba haijakatazwa kutembea Jumapili," alisema, na akafungua kizuizi.

Walipanda. Kona ya kwanza hadi ya thelathini zilikwenda kama zilivyoandikwa. Ya thelathini na moja ilikuwa imelowa, gurudumu la kushoto la tela likatumbukia kwenye mfereji wa ndiva, ekseli ikakatika kwa mlio uliosikika mpaka ng'ambo. Tela likatulia katikati ya Ndivani, limenyooka vizuri tu, mlango ukielekea bwawani.

"Ekseli hii ni ya Uingereza," alisema Mbaraka akitoka uvunguni. "Labda waitume kwa meli."

Watu wa Ndivani hawakucheka. Walikuwa wanafunga mizigo yao. Hata hivyo mgeni ni mgeni, na Rogathe aliwaletea bakuli la makande. Kabla ya kuondoka alisimama mbele ya dirisha la tela. Alikuwa amesoma elimu ya watu wazima mwaka juzi, akafaulu, na tangu hapo hakuacha karatasi yoyote impite bila kuisoma.

Jumatatu asubuhi alifika Tumainieli, mhesabu nyumba, mtu mkavu aliyeamini kwamba kisichoandikwa hakipo na kilichoandikwa kipo. Alikuja na kopo la rangi nyekundu na brashi. Rogathe alimtembeza, naye Tumainieli akapiga namba milangoni. Moja, mbili, hadi tisa. Kisha akafunika kopo lake.

"Bado moja," alisema Rogathe.

Akampeleka kwenye tela, akagonga mlango. Ndugu Sebastiani alifungua akiwa na pajama na kikombe cha chai. Nyuma yake Mbaraka alikuwa anatandika kitanda. Tumainieli aliisoma karatasi ya dirishani toka juu hadi chini, akachungulia jiko, akalitazama paa.

"Muhuri huu wa nani?"

"Wa idara," alisema Ndugu Sebastiani.

"Sahihi?"

"Yangu. Lakini Ndugu, ile ilikuwa ni..."

"Mimi nauliza jambo moja. Hii ni nyumba, au ni gari?"

Watu wote wa Ndivani walikuwa wamekusanyika, watoto migongoni, vikapu chini. Rogathe alikuwa ameshika mikono yake kifuani. Ndugu Sebastiani aliona kwamba akisema gari, nyumba zile zitabaki tisa, malori yatakuja na mandhari itafunguka kama alivyoipanga. Akafungua kinywa.

"Bosi," Mbaraka alimnong'oneza sikioni, "ukisema gari, watauliza jana saa tisa lilikuwa wapi. Na huo muhuri watauita wa uongo. Watu wanafungwa kwa muhuri."

Ndugu Sebastiani alifunga kinywa. Alipokifungua tena, sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Ni nyumba."

"Sikusikia."

"Ni nyumba!" alipiga kelele, na mlima wa pili ukaitikia.

Tumainieli alichovya brashi akaandika 10 kwenye mlango mweupe. Vigelegele vilipanda mpaka ndege wakaondoka kwenye migomba. Rogathe alilia waziwazi, wala hakujificha. Akamwendea Ndugu Sebastiani akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Karibu, jirani," alisema.

Malori hayakuja. Ndugu Sebastiani alimwandikia balozi barua ya kuomba kulihamisha tela, kwa kuwa nyumba yenye namba haitoki shinani bila idhini yake. Balozi alijibu kwa mwandiko mkubwa, wa duara, kwamba ombi lilijadiliwa na shina likasikitika. Ndugu Sebastiani akawaandikia wakubwa wa mkoani. Wao walifurahi kupita kiasi. Walikuwa wakitafuta kwa muda mrefu afisa aliyehamia kijijini kwa hiari yake akaishi na wakulima, ili wamtaje kwenye hotuba, na hawakuwa wamempata. Wakampongeza kwa barua, wakamwagiza aendelee kuishi humo hadi itakapoamuliwa vinginevyo. Mtu hawezi kukanusha pongezi.

Tatizo lilikuwa pembe. Kila Jumamosi alfajiri Mzee Melkizedeki, msimamizi wa ndiva, alipuliza pembe ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja, na kila aliyelala Ndivani alitoka na jembe kwenda kuzoa tope la ndiva na kuzibua mifereji. Asiyetoka alitozwa jogoo. Jumamosi ya kwanza Ndugu Sebastiani alipeleka barua ya udhuru, wakaipokea na jogoo. Ya pili alipeleka cheti cha mgongo, wakampa pole wakachukua jogoo. Kufikia ya tatu, majogoo wa kununua kwa majirani walikuwa wameshakwisha, akakunja suruali.

Mwezi Julai alikuja mkubwa mmoja wa mkoani, mwenyewe, na darubini shingoni, kuijaribu safari iliyosifiwa. Alitanguliwa na barua iliyosema kwamba kwa moyo wa udugu asichukuliwe kama mgeni, bali kama mwananchi mwenzao. Alifika Ijumaa jioni, akapewa kitanda cha dirishani, akalala fofofo.

Asubuhi pembe ilimwamsha. Alitoka na kanzu ya kulalia, akamkuta Ndugu Sebastiani mlangoni, suruali magotini, jembe begani.

"Sebastiani! Chai iko wapi? Na mandhari ni upande gani?"

"Upande ule, Mzee. Lakini ni baada ya saa sita."

Rogathe alikuwa anakuja kwenye majani yenye umande, na jembe la ziada mkononi. Akampa mkubwa.

"Mama," alisema mkubwa akicheka, "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimefika jana."

"Kweli kabisa, Ndugu. Lakini barua yako imesema wewe si mgeni. Tumeisoma mbele ya shina zima."

Mkubwa aliacha kucheka. Akamgeukia Ndugu Sebastiani, akimtazama kama mtu anavyomtazama aliye chini yake anapotaka jambo lirekebishwe mara moja. Ndugu Sebastiani alitaka kulirekebisha, Mungu shahidi. Lakini watu walikuwa wameshaanza kujipanga, na Mzee Melkizedeki alikuwa anahesabu vichwa.

"Mzee," alisema, "una jogoo?"

"Jogoo?"

"Basi pokea jembe."

Mkubwa alilipokea. Rogathe alimkagua kuanzia juu hadi chini, akasimama kwenye viatu vyake vya ngozi nyeusi vilivyong'arishwa.

"Hivyo vivue, mwanangu," alimwambia. "Tope la leo ni la kiunoni."