Kombe la Fundi na Zipu ya Gauni la Buluu

Sogeeni, enyi mlioketi na mnaotafuta pa kuketi! Nyamazisheni sufuria, tegeni masikio, kwa maana tangu majemadari waanze kujisifu halijatendwa tendo kubwa kuliko hili, nami nililishuhudia kwa macho yangu yote mawili. Naam, moja lina mtoto wa jicho, na mlango ulikuwa umefungwa. Lakini tundu la ufunguo lilikuwa wazi, na jicho zima ndilo nililolituma.

Alikuwapo Fundi, simba jike wa cherehani, mjane mshinda mafundo, mtunga uzi bila miwani. Siku moja gari alilopanda liligongwa kisogoni na lori la vitunguu. Abiria wote walitoka wakilia, na hadi leo hajulikani nani alilia kwa maumivu na nani kwa vitunguu. Michubuko ikapona, miezi ikapita. Ila adui mmoja alikataa kuondoka: maumivu yaliyopiga kambi chini ya kombe la kulia, ule mfupa bapa wa nyuma ya bega. Yakachimba handaki, yakala, yakalala, na kila Fundi alipoinua mkono yalimrushia mkuki.

Mwanawe wa pekee akaja na maneno ya asali. "Mama, hata gauni huwezi kujifunga. Hamia kwangu tukutunze."

Fundi akasimama, akanena: "Ewe niliyekubeba kwa mgongo huu huu! Nyumba hii niliijenga kwa kupinda suruali za watu. Kwako nitakuwa pambo la kabati, nafutwa vumbi na kuulizwa kama nimekunywa dawa. Nipe hadi Jumapili. Nikiifunga zipu ya gauni la buluu mwenyewe, bila mkono wa mtu, habari ya kuhama isitajwe tena."

"Na ukishindwa, Mama?"

"Nichukue kama kuku aliyefungwa miguu."

Basi vita vikaanza. Mama wa mazoezi kule hospitalini alikuwa amempa silaha: atembeze vidole ukutani kama buibui, apandishe mkono polepole, asiulazimishe. Fundi akauvamia ukuta asubuhi na jioni. Mwanzo buibui alifika kwenye swichi ya taa akazirai. Baadaye akapita kalenda. Mwishowe, kwa jasho na kwa kumtukana dereva wa vitunguu, akaugusa msumari wa saa.

Mtaa nao ulikuwa na msiba wake. Timu yao ilikuwa imenyakua kombe, kisha ikapokonywa kwa kumchezesha shemeji wa kocha, ambaye kumbe alikuwa mchezaji wa timu nyingine. Rufaa ilishapelekwa, watu wakabaki roho juu. Ndiyo maana jirani yake Fundi, bwana aliyeitwa Refa kwa kuamua ugomvi asioitiwa, aliposikia sauti ikinung'unika ukutani, "Kombe hili, jamani, kombe hili litaniua," alijibu kwa uchungu kutoka upande wa pili:

"Linatuua sote, dada yangu! Vumilia!"

Jumapili ikawadia. Mwana akaketi sebuleni, akasema amepita kusalimia tu. Fundi akaingia chumbani, akafunga mlango, nami nikasogea tunduni.

Akalivaa gauni la buluu. Mkono wa kushoto ukaikokota zipu kutoka kiunoni, ukapanda, ukapanda, ukafika katikati ya mgongo, ukaishiwa nchi. Sasa ikawa zamu ya mkono wa kulia, ushuke kutoka juu ya bega, upite katikati ya kambi ya adui. Ukainuka. Kombe likalia kama bawaba kavu. Maumivu yakapuliza baragumu. Fundi akauma midomo, akayahutubia:

"Enyi wapangaji msio haya! Mmejikalia bila kualikwa, mkanikosesha usingizi. Leo nawahamisha ninyi, sihami mimi!"

Vidole vikapapasa, vikakosa, vikapapasa tena, vikakinasa kishikio. Zzzzip! Mpaka shingoni.

"Kombe limeachia!" akapaza sauti, vyombo vikatetemeka. "Kombe limerudi!"

Refa akaruka nje na filimbi yake. "Mmesikia? Kombe limerudi!"

Mtaa ukamwagika njiani. Sufuria zikapigwa, vigelegele vikapasua anga, na Fundi alipochungulia ajue kuna nini akanyanyuliwa juu juu kama bingwa. Hata walipoelewa ni kombe gani, waliona haya kumteremsha, wakaendelea kuimba. Na wajukuu wa wajukuu wasimuliwe: siku hiyo mwanamke alijifunga gauni, na mtaa mzima ukashangilia.

Mwana akajipenyeza hadi mbele, meno yote nje. "Mama, mimi nilijua tu utaweza. Wala sikuja na nia ya kukuhamisha. Mungu shahidi, nimepita kusalimia."

Papo hapo bwana mmoja mwenye kamba begani akachungulia juu ya ua, akauliza: "Bosi, gari liko tayari. Tuanze na kitanda cha mama au cherehani?"