Springi za Miwa Chini ya Kitanda cha Bi Hadjira

Jumatatu, 5 Julai 1993. Mahajanga.
Miaka minne na miezi miwili tangu nitoke Lindi. Mgongo unauma. Leo magunia tisini ya saruji bandarini. Naandika Kiswahili maana hapa hakuna atakayekisoma, na mimi Kimalagasi najua cha kununulia wali tu.
Nimejitia kitanzi. Bi Hadjira, mwenye nyumba ninayopanga, amevunjika nyonga na hawezi kukaa. Dada yake Fatoumia yuko Ambondrona, kisiwani Nosy Be, na macho yake yanafunga. Daktari kasema mwezi mmoja, hataona tena. Hawajaonana miaka kumi na moja. Basi la abiria haliwezekani. Lakini uani kuna lile gari-nyumba kuukuu la marehemu mumewe, aliloleta kwa meli kutoka Ufaransa. Lina kitanda, jiko na pazia la maua. Nyuma limelala chini kama ng'ombe mgonjwa. Springi zimekatika.
Nikasema mimi ni fundi. Kwa nini nilisema? Chamsia, binti yake mjane, alikuwa amesimama pale.

Jumatano, 7 Julai.
Mpango wa kwanza: tafuta gari pacha, ng'oa springi. Nikapata habari ya mkweche wa aina ileile nyuma ya Marovato. Nimetembea saa mbili na kibarua nimekiacha. Mkweche upo, springi hazipo. Mwenyewe alimpa mhunzi, na mhunzi ni mtu wa bidii. Nimezikuta zote sokoni, mapanga kumi na mawili na majembe matatu. Nikaomba kuona panga moja. Chuma safi kabisa.
Boinali, fundi wa kweli, mwenye gereji na meno yote, akanipigia kelele toka ng'ambo ya barabara. Akauliza kama nitaunga yale mapanga kwa gundi. Watu walicheka sana. Nami kidogo.

Ijumaa, 9 Julai.
Nimepata! Mzee Tadjiddine wa vyuma chakavu ana springi za tela la miwa. Upana ni uleule, matundu yaleyale. Nimempa redio yangu. Boinali alipita, akasema hizo zitampeleka bibi mbinguni kabla ya Nosy Be. Wivu.
Nimezifunga peke yangu baada ya sala. Gari limeinuka nyuma kama panzi. Bi Hadjira alichungulia kwa dirisha akasema, mwanangu, limepona. Kingazija chake cha Komoro na Kiswahili changu ni ndugu wa baba mmoja. Hapo tulielewana vizuri mno, na roho ikaniuma, maana nilikuwa bado sijalijaribu.

Jumamosi, 10 Julai.
Jaribio. Sijui kuendesha, nilisahau kusema. Ikabidi aitwe Boinali. Mimi nikalala kitandani mahali pa mgonjwa. Shimo la kwanza, nimegonga dari. La pili, nimegonga dari na jiko. Tuliporudi nina nundu mbili.
Boinali akaeleza taratibu, na Chamsia anasikia: springi hizi zimezoea tani nne za miwa. Bila mzigo hazipindi. Nikasema nilijua. Akaniuliza nundu je, nazo nilizijua? Chamsia akageuka ukutani, mabega yanatikisika.
Sikulala mapema. Bi Hadjira alikuwa anakunja leso za kumpelekea dada yake, rangi kali tupu, nyekundu na manjano. Alisema huenda hizo Fatoumia ataziona.

Jumanne, 13 Julai. Njiani.
Mpango wa pili ni wangu kabisa. Boinali alitaka mchanga. Nikasema mchanga hausukumi gari likikwama, watu husukuma. Tukatangaza mtaani: anayekwenda kaskazini apande bure, sharti awe mnene. Wamekuja kumi na saba, na magunia yao ya chumvi. Gari likashuka kidogo kidogo, likatulia. Laini kama godoro.
Boinali anaendesha. Chamsia kakaa mbele, amsomee njia, ati. Mimi fundi nimekaa nyuma, sakafuni. Mimi ni mzigo. Bi Hadjira ameshika mkono wangu tangu asubuhi. Akilala, haachii. Sijashikwa mkono hivi tangu Lindi.

Ijumaa, 16 Julai. Ankify, halafu Nosy Be.
Mwenye pantoni aliangalia gari, akahesabu watu, akakataa. Uzito. Wote washuke, wavuke kwa boti. Basi wakavuka, wakatuaga, wakaenda zao. Gari likafika Hell-Ville, bandari ya Nosy Be, tupu, nyuma juu, gumu kama jiwe. Na Ambondrona bado, na barabara yote mashimo. Boinali alizima injini. Chamsia alikuwa analia bila sauti.
Nikasimama gatini nikapaza sauti kwa Kimalagasi changu kibovu: Ambondrona, bure, bure. Nadhani nilisema pia kuna chakula. Dakika mbili, watu ishirini. Siwajui hata mmoja. Mmoja kaingia na mbuzi. Gari likashuka.
Bi Fatoumia alitolewa mlangoni. Bi Hadjira, pale kitandani, alikuwa amejitanda leso zote kwa pamoja. Fatoumia akamsogelea mpaka pua zikagusana, akamtazama muda mrefu. Kisha akasema: Hadjira, umezeeka vibaya. Wakacheka, wakashikana. Abiria wote walilia, mbuzi pia alipiga kelele. Kisha wakauliza chakula kiko wapi.

Jumapili, 18 Julai. Ambondrona.
Boinali na Chamsia wanarudi Alhamisi kwa boti. Chamsia aliniambia asante, akaniita kaka. Neno zuri. Nimelitafakari siku nzima, halijabadilika.
Bi Hadjira anabaki hapa na dada yake. Asubuhi amewaambia majirani kwamba mimi ni fundi mkubwa, hajapata kuonwa mwingine. Bwana Assoumani wa hoteli akaja mbio: mashine yake ya barafu imekufa, samaki wanaoza. Aliuliza kama naziweza mashine za barafu. Mimi sijapata kuifungua hata moja. Lakini mpishi wake, Hasnati, alikuwa amesimama pale.
Nimemwambia kazi ya siku tatu. Tangu nione wale dada wakishikana nakumbuka kwetu, nimewaandikia ndugu zangu Lindi pia, barua inaondoka na boti ya kesho: wanisafishie chumba, Jumamosi tarehe 7 Agosti nitakuwa nyumbani.