Harusi Yangu kwa Bei za Mwaka 1949

Lusajo A. Mwakilema, B.A. (Uchumi),
Phillips, Minneapolis.
Jumatatu, 3 Aprili 2006.

Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Harusi ya Lusajo na Tulia,
Oakdale.

YAH: OMBI LA KUHESHIMU BEI ZILIZOPITISHWA NA KIKAO CHA TAREHE 11 MACHI

Mzee Evodius, shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mgongo umepoa baada ya ile kazi ya kuzoa theluji, na kwamba nyumbani wote ni wazima. Pengine utashangaa kwa nini nakuandikia ilhali ni dakika ishirini tu kwa gari kutoka kwangu hadi kwako. Simu haiwekwi kwenye faili, Mzee wangu, na jambo hili linahitaji faili.

Nimearifiwa na ndugu Nasibu, mjumbe wetu wa usafiri, kwamba kikao cha Jumamosi ijayo kina ajenda moja, nayo ni kuiahirisha harusi yangu kutoka tarehe 24 Juni hadi mwezi Desemba. Hii itakuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza tuliahirisha ili tupate ukumbi mkubwa. Mara ya pili tuliahirisha ili tupate watu wa kuujaza. Safari hii kuna kizuizi ambacho Kamati haina mamlaka nacho: mama yake Tulia, aliyetoka Tukuyu kwa ajili ya harusi hii na si kwa jambo lingine lolote, anatakiwa awe ameondoka nchini ifikapo tarehe 20 Julai, kwa mujibu wa kadi iliyobanwa kwenye pasipoti yake. Desemba binti yake ataolewa, naye atasimuliwa.

Sababu ya kuahirisha, nasikia, ni kwamba bajeti imegundulika kuwa na "kasoro ya mwaka". Naomba nieleze kasoro hiyo ilivyozaliwa, kisha nieleze kwa nini si kasoro.

Kama ujuavyo, nafanya kazi katika makao ya wazee huko Saint Paul, kitengo cha burudani na kumbukumbu. Kila Jumanne huwasomea wazee karatasi niliyoiandaa mwenyewe kutokana na magazeti ya zamani ya maktaba: bei za vitu, burudani na habari za mwaka mmoja wa ujana wao, hasa ile miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili, ili kumbukumbu zao zipate pa kushika. Wiki ile nilikuwa nimeandaa mwaka 1949, mada ikiwa harusi za mwezi Juni, kwa heshima ya Bi Lois, mama wa miaka themanini aliyeolewa mwezi na mwaka huo. Wiki hiyohiyo Kamati iliniagiza, mimi kama msomi wa uchumi, nilete bei za kulinganisha. Zikawa karatasi mbili, bahasha mbili, na mashine moja ya fotokopi pale kazini ambayo hukata mstari wa juu, yaani ule wenye mwaka. Nikiwa bado zamuni, nilimpa Nasibu bahasha moja awaletee. Nilipofika Oakdale saa moja baadaye, sijavua hata viatu vya theluji, niliwakuta mnapiga makofi.

Sikujua makofi yale ni ya nini, lakini niliyapokea. Wewe mwenyewe ulisema mbele ya wajumbe, "Mnaona faida ya shule? Ninyi mnaniletea bei za dukani, mwenzenu kaleta bei za jumla." Hapo hapo nikapandishwa kuwa Katibu Mkuu. Ni Jumanne iliyofuata, nilipomsomea Bi Lois kwamba keki ya harusi ni dola mia tisa na hamsini, naye akauliza kama huyo muuzaji amekwisha kukamatwa, ndipo nilipotambua bahasha ipi ilikwenda wapi. Sikusema neno. Cheo kilikuwa na siku tatu tu.

Baada ya maelezo hayo, naomba kuwasilisha malalamiko yangu kama ifuatavyo.

1. KEKI. Kikao halali, kilichotimiza akidi, kilipitisha keki ya ngazi tatu kwa dola kumi na mbili. Muhtasari uliutia saini wewe, na Mama Ernestina, mjumbe wa mapambo, aliunga mkono hoja kwa kusimama. Tarehe 25 Machi mama huyo alikwenda dukani, akaonjeshwa keki, akaikubali, akaweka dola kumi na mbili mezani na kusema hahitaji risiti. Muuzaji alimjibu kwa upole kwamba kwa hela hiyo anaweza kumfungia kipande cha kula njiani. Mama Ernestina alinipigia akiwa bado kwenye maegesho ya duka. "Lusajo baba," aliniambia, "umeniacha uchi mbele ya Wazungu, na keki yenyewe ilikuwa tamu." Nasikitika kwa yaliyompata. Hata hivyo, naomba ieleweke kwamba duka la keki si mjumbe wa Kamati na halina kura. Azimio la kikao haliwezi kutenguliwa na mwoka keki.

2. UKUMBI NA WAGENI. Kabla ya karatasi ile kusomwa, wageni wetu walikuwa mia moja na hamsini. Baada ya kusikia kwamba ukumbi wa hoteli ya katikati ya jiji ni dola ishirini na tano, na sahani ya kuku ni dola moja na robo, wajumbe walipata moyo wa ukarimu ambao sikuwahi kuuona tangu nihamie jimbo hili. Katika dakika arobaini wageni walifika mia nne na ishirini. Orodha ninayo. Imo zamu nzima ya ghala moja la Shakopee. Yumo bwana aliyemuuzia Nasibu gari, na ambaye Nasibu mwenyewe hasemezani naye kwa sababu ya gari hilo.

Sasa tutazame mantiki, Mwenyekiti. Wageni hao mia mbili na sabini waliingizwa na bei za mwaka 1949. Kama bei hizo ni batili, wageni hao nao ni batili. Kama wageni ni halali, bei nazo ni halali. Haiwezekani kuwaalika watu kwa bei za 1949 halafu ukawalisha kwa bei za 2006. Mahali pao ni 1949, na naomba waelekezwe huko.

(Kwa kumbukumbu tu: bei ya petroli, senti ishirini na sita kwa galoni, ilisomwa wakati Nasibu ametoka nje kupokea simu. Yeye ni dereva wa teksi ya uwanja wa ndege. Angekuwa ndani, leo nisingekuwa naandika. Simlaumu.)

3. BURUDANI. Kamati ilipitisha bendi ya watu kumi na wawili kwa dola sitini. Nilimpigia ndugu yetu Jotham, Mkenya mwenye vyombo vya muziki, nikamtajia kiasi hicho kwa sauti ya kawaida kabisa. Akaniambia, "Msee, sitini ni ya kubeba spika. Kuziwasha ni story ingine." Kwa sababu hiyo napendekeza tufuate desturi ya mwaka ule, ambapo redio moja ilitosha ukoo mzima, na jirani aliyekuwa na televisheni, yenye kioo cha ukubwa wa sahani, aliheshimiwa kama diwani.

Nilimhoji Bi Lois kwa kina kuhusu harusi yake. Walifunga ndoa saa nane mchana. Walishuka ukumbi wa chini ya kanisa, wakala mikate iliyotiwa nyama ya nguruwe, keki na kahawa, na ilipotimia saa kumi wageni wote walikuwa wamekwisha kuondoka kwenda kukamua ng'ombe. Jioni mumewe akampeleka sinema, tiketi senti arobaini na tano. Niliuliza mshereheshaji alikuwa nani. Hakunielewa. Niliuliza nani aliitambulisha meza kuu. Akasema hapakuwa na haja, wote walikuwa wanafahamiana. Hakuna mtu aliyetamka kwamba itifaki imezingatiwa, na bado ndoa ile ilidumu miaka hamsini na mmoja hadi mumewe alipofariki. Sisi katika ratiba yetu tumetenga saa tatu kwa ajili ya utambulisho peke yake.

4. HABARI. Karatasi yangu inaonyesha kwamba mwezi Aprili mwaka 1949 nchi kumi na mbili zilitia saini mkataba wa kulindana. Vita ilikuwa imekwisha miaka minne tu nyuma. Baadhi yao walikuwa bado wanachambua vifusi. Walikubaliana. Kamati yetu ina watu kumi na wanne, hakuna hata mmoja aliyepigwa bomu, na tuko mwezi wa tano tukijadili rangi ya vitambaa vya meza.

Isitoshe, habari za wakati ule zilipanda meli. Shangazi zangu wa Kyela wangepata taarifa ya harusi baada ya miezi miwili, na malalamiko yao kuhusu sare yangenifikia nikiwa na mtoto anayetambaa. Leo hii, kwa kadi ya simu ya dola tano, wananipata hata nikiwa namnywesha mzee supu.

5. OMBI LENYEWE. Kwa kuwa bei zilipitishwa. Na kwa kuwa wageni waliongezwa kwa nguvu ya bei hizo. Na kwa kuwa mama mkwe wangu hawezi kusubiri. Naomba Kamati itamke rasmi kwamba harusi itafanyika tarehe 24 Juni 2006 kwa matumizi ya kanisa na uhamiaji, na tarehe 24 Juni 1949 kwa matumizi ya Kamati. Bi Lois amekubali kuwa shahidi, kwani siku nne kati ya saba huwa yuko mwaka huo tayari.

Najua wajumbe watahoji kuhusu michango. Aliyeahidi dola mia, kwa hesabu zangu, mwaka 1949 angedaiwa kama dola kumi na mbili. Nimegundua kwamba hesabu hiyo inawafaa wao kuliko inavyonifaa mimi, na bado naifanyia utafiti. Aidha, kwa kuwa karatasi inaonyesha nyumba mpya ya vyumba viwili kwa dola elfu saba na mia tano, mimi na Tulia tungependa, Kamati ikiridhia, tusirudi 2006 baada ya sherehe. Tubaki kulekule tuanze maisha.

Nakutakia hekima katika kuliongoza jambo hili. Nisalimie mama, na vijana wako, ambao najua watazijibu salamu hizi kwa Kiingereza. Nisalimie wajumbe wote mmoja mmoja, na Mama Ernestina kwa wakati utakaouona wewe kuwa unafaa.

Wako mtiifu, anayesubiri kuoa,

Lusajo A. Mwakilema
Katibu Mkuu wa Kamati (mpaka itakapoamuliwa vinginevyo)

NYONGEZA, Jumanne tarehe 4. Kabla ya kuifunga bahasha, leo nimemtafsiria barua hii Mzee Solomon, Mmarekani Mweusi, mzaliwa wa hapahapa Saint Paul, aliyehudumu mezani kwenye treni kwa miaka thelathini na mmoja. Jumanne huwa anakaa safu ya nyuma na hasemi kitu. Nilitaka anithibitishie bei. Alisikiliza hadi mwisho, akasema bei ziko sawa, hata ya kuku. Kisha akasema, "Ila hoteli hiyo, kijana wangu, mimi naijua kwa upande wa jikoni. Siku ambazo treni haikuondoka nilikwenda kubeba sahani kwenye harusi za watu pale. Mwaka huo wewe na mchumba wako mngekuwa mnabeba pamoja nami." Kuhusu nyumba alisema alirudi kutoka vitani akiwa na fedha ya kuanzia, akaenda kuitazama moja kama hiyo, na kwenye hati ilikuwa imeandikwa ni watu gani wasiuziwe. "Bei haikuwa tabu," alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayekusahihishia tarehe.

Nimesoma mwaka ule mbele yake kuanzia mkate hadi mkataba, na sikuwahi kumuuliza.

Kwa hiyo naondoa kipengele cha kwanza hadi cha tano. Tutaoana mwaka 2006, kwa bei za 2006, ambazo ni mbaya, lakini tunauziwa. Jumamosi nitasimama mbele ya kikao niseme kwamba kosa la bahasha lilikuwa bahati mbaya na kosa la kunyamaza lilikuwa langu, kisha nitarudisha cheo. Wale mia mbili na sabini nitawapigia simu mwenyewe, nikianza na zamu ya Shakopee. Tulia amekwisha kuzungumza na mchungaji. Ukumbi wa kanisa uko wazi tarehe 24 Juni, na mama yake anasema wali wa watu mia na hamsini si kazi, mradi apewe masufuria na asiundiwe kamati ndogo. Nakuomba, Mzee wangu, uisimamie tarehe hiyo.

Mzee Solomon nimemwalika. Aliniuliza, huku akitazama pembeni, aingilie mlango gani. Nimemwambia ni ule wa mbele, na kwamba wewe, Mwenyekiti, ndiye utakayekuwa umesimama pale kumpokea.